Bakuli Moja la Majivu kwa Gunia

Mama,

Maneno ya mwisho uliyoyasikia kutoka kinywani mwangu yalikuwa matatu, na yote matatu yalikuwa uongo: "Mahindi ni mazima." Uliniuliza kwa sauti isiyofika hata kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Nami, ninayejulikana chuo kizima kwa kutomwogopa mtu, nikageukia dirisha la wodi na kukujibu hivyo. Ukaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeridhika na hesabu. Alfajiri ukaondoka.

Shikamoo, Mama. Nimeanza barua bila kukuamkia kwa sababu sijui kama bado nina haki ya kusubiri marahaba yako. Nimeona ni heri deni la ukweli litangulie, salamu zifuate.

Nakuandikia nyumbani, juu ya meza yako ya mninga. Kitabu cha nyimbo za kanisa kipo pale pale dirishani, na ile sindano yako ya kushonea bado imechomekwa kwenye pazia. Shangazi alitaka kuipeleka mashine ya cherehani kwake Gongoni, nikamwambia aichukue. Kuku hawapo. Kisima kimeshuka, maji ya asubuhi yana tope, lakini mawingu yameanza kukusanyika upande wa mashariki, na wenzako wameshachoma mabua ya msimu uliopita mashambani. Shamba lako peke yake limekaa na mabua yake yamesimama. Watu wakipita njiani wanalitazama, kisha wanatazama nyumba, kisha wananiamkia kwa upole unaoniumiza kuliko tusi.

Hizo ndizo habari ndogo. Sasa ile kubwa.

Utakumbuka hali niliyorudi nayo mwezi wa tano. Nilikuwa nimesimamishwa masomo. Tuligoma kwa ajili ya mabweni, nikapanda juu ya meza ya bwalo na kuhutubia, na jioni yake nilikuwa na barua mkononi iliyonitaka niende nyumbani kusubiri kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Nilifika hapa na begi moja la nguo na sanduku moja la vifaa. Kijiji kikasema umefukuziwa mtoto. Wewe hukuniuliza kitu mpaka nilipokula na kushiba. Kisha ukasema, "Haya, Mheshimiwa. Tuanze na lile ulilokosea." Nikakujibu kwa hotuba. Nikasema sisi ni wajukuu wa wapagazi, waliobeba vichwani mali za wengine kutoka hapa mpaka pwani, na kwamba mgongo uliorithi mzigo hauna budi siku moja kunyooka. Ulinisikiliza hadi mwisho. Ukasema, "Babu yako hakubeba kitu cha mtu. Alikuwa mrina asali, tena mvivu." Tukacheka mpaka ukashika mbavu. Natamani kicheko kile kingekuwa na mahali kinapohifadhiwa.

Katika lile sanduku ndimo kilimokuwa kifaa changu, kazi yangu ya mwaka wa mwisho. Nilikueleza, na sijawahi kupata mwanafunzi msikivu kama wewe. Nilisema: kuna mawimbi yaitwayo maikrowevu, ndugu wa yale yanayopasha chakula katika majiko ya watu wa mjini, ila haya yangu ni dhaifu, hayapashi hata kidole. Yanatoka katika pembe hii ya bati. Yakigonga kitu, sehemu yake hupenya na sehemu hurudi. Maji huyarudisha kwa nguvu; nafaka kavu huyaachia yapite. Basi ukipima kilichorudi, unajua ndani mna maji kiasi gani, bila kufungua gunia wala kuharibu punje hata moja. Ukafikiri. Ukasema, "Kwa hiyo unayaita mahindi, halafu unasikiliza mwangwi, kama mtu aitaye kisimani." Nikaandika sentensi hiyo katika daftari langu la maabara. Msimamizi wangu aliyeisoma baadaye alisema hajapata kuona maelezo mafupi kuliko hayo.

Ulikuwa na magunia matano tayari na mahindi ya gunia la sita bado yako kwenye magunzi. Mvua zilichelewa kukatika mwaka huu, ukayavuna yangali na maji, na kwa wiki mbili mimi na wewe tukawa tunayaanika kwenye turubai asubuhi na kuyaanua jioni. Mgongo wako ulikuwa umeanza kukataa. Peke yako usingeweza. Wewe ulilijua hilo, na mimi nililijua, na ndiyo sababu naandika kila neno la siku ile kwa utaratibu, ili nisije nikajificha nyuma ya elimu.

Barua ya wito ilikuja siku ya Jumatano. Treni ilikuwa Ijumaa. Alhamisi asubuhi ukachukua punje kutoka gunia la kwanza, ukaiuma kwa jino lako la nyuma, ukatega sikio. Ukachukua ya pili. Ukasema, "Bado. Yakikauka hupasuka. Haya yanapondeka." Ukanitazama. "Nipe wiki moja, mwanangu. Waandikie hao wakubwa kwamba mama yako anaanika."

Wiki moja, Mama. Hukuwahi kuniomba kitu kidogo namna ile.

Mimi nikaleta kifaa. Mama Kulwa, jirani yako wa miaka yote, alikuwa amekuja kuazima ungo, akakaa kwenye kigoda kutazama, na nyuma yake wakasogea majirani wengine wawili watatu, maana habari za mashine ya binti aliyefukuzwa zilikuwa zimezagaa. Nikaielekeza pembe kwenye gunia. Ikasoma kumi na nane katika mia. Kiwango cha kuhifadhi ni kumi na tatu. Jino lako na mashine yangu vilikuwa vimesema neno moja. Tafadhali lisikie hilo popote ulipo: mara ya kwanza, kifaa kilisema kweli, na kilikuunga mkono.

Mama Kulwa akapiga kofi moja. "Ehee! Mashine imesoma kwa mama yako!" Watu wakacheka. Nami nikaona haya. Si kwa sababu ya mahindi; kwa sababu ya treni.

Hapo ndipo nilipoyaona majivu. Ulikuwa umeyachanganya katika magunia yote matano kama mlivyofundishwa, ili fukusi asiingie. Na majivu yana chumvi, na chumvi huyarudisha mawimbi, hufanya kitu kikavu kionekane kibichi. Hilo ni kweli tupu; mtu yeyote wa fani yangu atalithibitisha. Nikasimama juu ya kinu kilicholala, kama nilivyosimama juu ya meza ya bwalo, nikawaeleza majirani kwamba mashine imedanganywa na majivu na kwamba nitawaonesha kwa vipimo. Nikachota mahindi ya mwaka jana kutoka jikoni kwako, makavu kabisa, nikajaza kopo la maziwa. Nikapima. Nikatia ngumi moja ya majivu, nikatikisa, nikapima tena. Kipimo kikapanda kwa tano. "Tano ni za majivu!" nikasema. "Kumi na nane toa tano ni ngapi?" Mtoto wa shule mmoja akajibu kumi na tatu. Nikasema, "Yamekauka."

Ngumi moja katika kopo la maziwa. Wewe ulikuwa umetia bakuli moja katika gunia zima. Ili majivu yako yafanye kazi niliyoyasingizia, ungelazimika kumwaga humo ndoo nzima na kuongeza. Mtoto yule wa shule angeliona kosa lile kama angeambiwa. Mimi sikuambiwa kwa sababu sikuuliza. Nilikuwa na chombo kilichotengenezwa kwa miezi kumi, nilikuwa na daftari na milinganyo, na mtu aliyetia majivu yale kwa mkono wake alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, amefunga kanga kiunoni, akingoja kuulizwa. Swali lenyewe ni la maneno manne: "Mama, unatia kiasi gani?"

Badala ya kuuliza, nikahutubia. Nikasema jino ni kipimo cha enzi za misafara. Nikasema umaskini wetu si wa ardhi bali wa vipimo. Nikasema kila bibi anayeuma punje huku sayansi imesimama mlangoni anamfungia mjukuu wake mlango. Nilisema vizuri. Majirani walipiga makofi. Hata wewe ulitabasamu, tabasamu lile la pembeni ulilokuwa nalo nikisoma risala kanisani nikiwa mdogo. Ukasema, "Haya, Mheshimiwa. Umeshinda." Ukachukua kamba, ukaanza kufunga midomo ya magunia. Nikapima na ya Mama Kulwa pia, nikatoa tano zile zile, nikampa pongezi.

Nimeshinda mijadala mingi, Mama. Huo ndio ambao ningetoa maisha yangu yote ili niushindwe.

Na si kwamba sikupewa nafasi ya pili. Treni ilipokuwa imesimama Tura, wauzaji wakiinua madumu ya asali kwenye madirisha, ulinipigia simu. Ulitaka tu kujua kama nimekula. Kisha ukasema, kama jambo la kupita tu, "Lile la sita tumelipukuchua na Mama Kulwa. Nimelitia majivu kama mengine, bakuli moja kwa gunia." Bakuli moja kwa gunia. Nililisikia neno lile, na nikawa kama mtu aliyesahau kufunga mlango. Mapajani pangu palikuwa na karatasi za utetezi wangu. Nilikuwa nimefika kwenye aya ninayoipenda kuliko zote. Nikakuambia, "Sawa, Mama, fanya hivyo hivyo." Treni ikaondoka, mtandao ukakatika, nikarudi kwenye aya yangu.

Kamati ilinisamehe. Sijui kama nilikuambia jinsi nilivyowasomea ile hotuba. Nadhani nilikuambia mara tatu. Nikarudishwa darasani. Na wewe ukafungua gunia la kwanza, ukasaga dona kama kawaida yako, maana sembe ulisema ni chakula cha watu wasio na meno.

Mwezi wa nane ukaniambia kuku wamepatwa na kideri, wamekufa wanane. Ulikuwa unawamwagia pumba na punje zilizoanguka. Nikakuambia wachanje waliobaki. Baada ya hapo ukasema tumbo linakusumbua, linajaa. Nikakuambia punguza maharage. Ukasema chakula hakipiti. Nikakuambia nenda zahanati wakupime malaria, na nikakata simu kwa sababu tulikuwa na kikao. Nazipanga simu hizo sasa moja baada ya nyingine, nami niliyesomea kusoma kitu kwa kile kinachorudi kutoka kwake, nashangaa niliwezaje kutosikia chochote.

Mama Kulwa ndiye aliyenipigia. Hakuamkia wala kungoja kuamkiwa. "Njoo," alisema. "Macho ya mama yako yamekuwa kama ua la boga."

Nilikukuta wodini, mjini, tumbo limevimba na mikono imebaki mifupa. Ulinitania hata hivyo, ulisema, "Umekonda, huko kwenu hakuna dona?" Daktari, kijana asiyenizidi hata miaka mitano, aliniita pembeni ya korido. Akaniuliza ulikuwa unakula mahindi ya wapi, yaliwekwaje, yalikaushwaje. Akasema ini limeharibika, na kwa dalili zote anahofia sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu katika nafaka iliyofungwa ingali na unyevu. Akasema haionekani, haina ladha, na haiuawi na moto wa kupikia. Akasema, "Mahindi mliyapima kabla ya kuhifadhi?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Nani aliyapima?"

Nikamwambia sijui, Mama. Nilimwambia daktari kwamba sijui.

Nikapanda bodaboda kutoka Isevya, pale mjini, hadi kijijini. Nikafungua gunia la pili. Juu palikuwa pazuri, peupe, pana vumbi lako la majivu. Nikaingiza mkono mpaka kiwiko. Ndani palikuwa na joto. Punje zilikuwa zimeshikana mabonge, na nilipotoa bonge moja nje kwenye mwanga lilikuwa na rangi ya kijani iliyochujuka, na harufu ya nyumba iliyofungwa muda mrefu. Nikachukua punje, nikaiuma kwa jino la nyuma kama wewe, nikatega sikio. Haikupasuka. Nikaitema, nikafunga gunia lile kwa kamba yako, kwa fundo lako, nikarudi hospitali nikiwa nimeamua kukuambia.

Ukaniwahi kuuliza. "Mahindi yakoje?"

Nimeshaandika nilivyojibu.

Nilijitetea moyoni kwamba nilikuwa nakuhurumia. Siamini tena. Nilikuwa naogopa kwamba ungenisamehe kwa haraka, kabla sijajua nimesamehewa nini.

Tulikuleta nyumbani kukuzika siku ya pili yake. Watu walijaa, Mama. Kwaya yako ilikuja na sare, na wale wazee wa Kiislamu wa mjini uliokuwa ukiwashonea kanzu walikuja wote, wakakaa kwenye jamvi pamoja na mchungaji. Nilikaa ndani na wanawake. Ndipo nikasikia sufuria zinashushwa uani, na sauti ya Shangazi ikiagiza wafungue ghala, kwamba marehemu ameacha magunia matano, waombolezaji watakula jasho lake, ndiyo heshima yake ya mwisho. Ndivyo tunavyofanya. Nimekula ugali wa namna hiyo katika misiba mingi.

Nikatoka mbio. Wanawake wawili walikuwa wamekwisha kubeba gunia mpaka kwenye ungo. Nikasimama mlangoni mwa ghala, nikashika miimo yote miwili. Nikasema, "Msipike." Nikarudia, "Msipike."

"Huyu kachanganyikiwa na uchungu, mwondoeni," mmoja akasema.

Shangazi akanijia, amejifunga kibwebwe. "Hajachanganyikiwa hata kidogo! Huo ni uchoyo. Watu wametembea kwa miguu kuja kumzika mama yako, wewe msomi unawanyima ugali? Unataka ukayauze mjini? Toka hapo!" Akanivuta mkono. Watu wa jamvini wakageuza shingo. Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti.

Mama, nilikuwa na uwanja uliotulia kuliko wowote niliowahi kuhutubia, na sikuwa na utangulizi. Nikasema mahindi yana sumu. Nikasema ndiyo yaliyomuua. Nikasema yalikuwa mabichi, na Mama alisema ni mabichi, na mashine ilisema ni mabichi, na mimi ndiye niliyesema yamekauka kwa sababu nilitaka kupanda treni. Nikasema nilikosea majivu. Sidhani kama walielewa habari za majivu. La treni walilielewa.

Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenitukana. Shangazi aliuachia mkono wangu polepole, kama mtu anayeweka chini chombo cha moto. Mwanamke aliyeshika ungo akaumwaga palepale na kujifuta viganja kwenye kanga. Kisha nikamkumbuka Mama Kulwa. Nilimwona amesimama kando ya jiko la mafiga, nikamwendea, kwa maana mahindi yake niliyapima pia, siku ile ile, kwa tano zile zile, na ana wajukuu.

Nikamwuliza, "Mama Kulwa, ya kwako?"

Akasema, "Yangu niliyaanika tena."

"Lini?"

"Ulipopanda treni. Niliyauma, nikaona hapana. Siku sita nyingine juani. Usinitazame hivyo, mwanangu, mashine yako nilikuwa naiheshimu, ila jino ni langu."

Nikamwuliza kama na wewe alikuambia. Akasema alikuja asubuhi ya Jumamosi, na kwamba mliyauma pamoja, gunia kwa gunia, na kwamba wewe mwenyewe ulisema yanapondeka. Akakuambia, mwenzangu, leta turubai, nitakusaidia kubeba. Nawe ukamjibu, na haya ni maneno yako kama alivyonipa: "Kijiji kizima kinasema mwanangu kafukuzwa chuo. Alisimama hapa mbele yao akasema yamekauka. Nikiyatoa juani kesho yake, watasema hata mama yake hamwamini. Acha yakae."

Acha yakae.

Ndiyo sababu sijalala sawasawa tangu wakati huo. Nilikuwa nimejiandaa kubeba kosa la kukudanganya. Sikuwa nimejiandaa kujua kwamba hukudanganyika. Ulijua, na ukasaga, na ukala, sahani baada ya sahani, ili nisiaibike mbele ya watu ambao wakati ule walikuwa wameshasahau hata nilisema nini. Labda ulifikiri ni tumbo tu litauma kidogo. Labda ulijiambia kwamba pengine vyuo vinajua kitu ambacho meno hayakijui. Sitajua kamwe. Na uliponiuliza kitandani mahindi yakoje, sijui kama ulikuwa unaniuliza, au unanipa nafasi ya kusema, au ulitaka kusikia kwa mara ya mwisho kwamba mwanao alikuwa sahihi. Nimezizungusha njia zote tatu. Kila moja ina mwisho wake mchungu, na katika kila moja mimi ndiye niliyegeukia dirisha.

Magunia tumeyafukia. Wanaume walichimba shimo nyuma ya tanuri la zamani la tumbaku, refu kupita kichwa, mbuzi wasije wakafukua. Waombolezaji walikula ugali wa Mama Kulwa. Alitoa gunia zima bila kuambiwa, na alipokuwa akisonga hakuniruhusu nimsaidie. Sijui kama ilikuwa hasira au huruma, na sijamwuliza. Juzi alileta kibuyu cha mbegu, akakiweka kizingitini, akaondoka kabla sijatoka nje.

Msimamizi wangu ameandika. Amesoma majedwali niliyomtumia mwezi wa sita, likiwamo lile la majivu, na amelisifu kwa namna ya pekee. Anasema hakuna aliyefikiria kusahihisha kipimo kwa desturi za wakulima wenyewe. Anataka liingie katika ripoti, lipelekwe mbele ya jopo, kisha kifaa kijaribiwe katika vijiji vingine msimu ujao. Hajui kilichotokea. Nimeisoma barua yake mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Najua kwamba nikinyamaza nitahitimu kwa heshima. Najua pia nikinyamaza kuna nyumba nyingine, sijui wapi, ambako mtu atauma punje, atasikia inapondeka, na kisha ataambiwa na kijana mwenye sanduku kwamba tano ni za majivu.

Mama, nimefika mahali ambapo barua za wengine hupata faraja. Sina. Nimetafuta katika kitabu chako cha nyimbo na sikuuweza hata ubeti wa kwanza. Wapo wanaoniambia ni mapenzi ya Mungu. Nawajibu kwa adabu, lakini mimi najua ilikuwa ngumi moja katika kopo. Sioni siku ambayo jambo hili litakuwa jepesi, na sidhani kwamba linapaswa kuwa jepesi.

Lakini nakuahidi jambo moja. Kesho naondoka. Nitasimama mbele ya jopo lile na jedwali lile mkononi, bila hotuba, na watakaponiuliza limepatikanaje nitawaambia lilipatikanaje na lilimuua nani, na nitataka lifutwe katika kila nakala. Neno langu la kwanza litakuwa "nilikosea." Na baada yake, Mama, sitatia "lakini."

Pumzika sasa. Mahindi hayakuwa mazima.

Mwanao,
Kabula